Muulize Mwalimu: Sifuri ya sensa, na 641 iliyojificha ndani yake

Mbukwenyi, wasomaji wangu.

Kwanza nilipe deni. Toleo lililopita niliwaandikia namba tasa zote zilizo chini ya 100, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na katikati ya orodha nikaiweka 91. Barua ya kwanza ilitoka Manyoni, mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Mwalimu, 7 mara 13 ni ngapi?" Ni 91, ndugu yangu. Miaka 31 nimesimama ubaoni nikiwaonya watoto kwamba 91 ndiyo laghai kuliko zote chini ya mia, na mchimba kisima nimeingia mwenyewe. Nimejikata alama mbili. Tuendelee na barua iliyonikosesha usingizi.

"Shikamoo Mwalimu. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa, wilaya ya Kongwa. Pale kijiweni tunapokunywa kahawa kuna mzee mmoja, kila akiniona ananiambia jumla yetu ya Watanzania 61,741,120 imeishia na sifuri. Anasema watu wa kweli hawaishii na sifuri, sifuri ni ya kukadiria, kwa hiyo tulikaa chini ya mbuyu tukabuni. Mwalimu, nilitembea mpaka soli ikaisha. Nimjibu nini? Halafu naomba kujua, namba hii ina lolote la pekee kihesabu, au ni namba tu kama nyingine? — Karani, Kibaigwa."

Marahaba, mwanangu. Pole na soli. Mwenzio aliyekuja kwangu huku Kikuyu, Dodoma, alinikuta uani naanika mlenda. Akafungua kishikwambi chake, akaniuliza nani na nani walilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Nikamwambia ni mimi na mjukuu wangu. Kwa hiyo ndani ya hiyo namba yako mna watu wawili wa nyumba hii, na nadhani hilo linanipa haki ya kuipasua.

Tuanze na mzee. Mpe karatasi aandike mwenyewe, maana mzee akiandikiwa haamini. Tanzania Bara walihesabiwa watu 59,851,347. Zanzibar 1,889,773. Ajumlishe kuanzia kulia: 7 na 3 ni 10, andika 0, beba 1. Sifuri yake imezaliwa pale. Hakuna aliyeikadiria.

Ila mzee akiwa mjanja, na wa kijiweni huwa wajanja, atakugeuzia kibao. Atasema: mbona wanaume ni 30,053,130 na wanawake ni 31,687,990? Hizo nazo zimeishia na sifuri, zote mbili! Hapo usibabaike. Tarakimu ya mwisho ya namba yoyote ni moja kati ya kumi, kwa hiyo namba mbili kuishia na sifuri kwa pamoja ni bahati ya moja kwa mia. Jumla kuishia na sifuri si bahati ya tatu, kwa sababu sifuri na sifuri hazina pengine pa kwenda. Moja kwa mia si muujiza. Chukua majedwali yote ya sensa, mikoa, wilaya, kata, wake kwa waume, ukose hata moja la namna hiyo, hapo ndipo mimi ningeanza kuwa na mashaka. Tena muulize swali hili: ni mkadiriaji gani huyo anayekadiria watu milioni sitini na kitu, halafu anajisumbua mpaka kwenye makumi? Mkadiriaji anakwambia milioni sitini na moja na nusu, anakunywa kahawa yake.

Ukitaka kumfurahisha, mfundishe kutupa tisa. Mimi nilifundishwa na mwalimu wangu wa darasa la sita, na watoto wa siku hizi hawaijui kwa sababu ya simu. Jumlisha tarakimu za kila namba, kisha jumlisha tena mpaka ibaki moja. Bara: 5+9+8+5+1+3+4+7 ni 42, na 4+2 ni 6. Zanzibar: 43, inakuwa 7. Jumla kuu: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, inakuwa 4. Sasa 6 na 7 ni 13, na 1+3 ni 4. Zimekubaliana. Fanya na wanaume na wanawake: 15 inakuwa 6, 43 inakuwa 7, mwisho ni 4 ileile. Kinachofanyika ni kwamba 10, 100, 1,000 na wenzake wote zikigawanywa kwa 9 zinabakiza 1, kwa hiyo jumla ya tarakimu inabeba baki ya namba nzima. Lakini usimwahidi mzee makubwa. Karani akipindua tarakimu mbili, akaandika 21 badala ya 12, kutupa tisa hakutamkamata, kwa sababu jumla ya tarakimu haijabadilika. Ni kipimo cha kukamata makosa mengi, si yote.

Na mwisho kuhusu sifuri: sifuri ni ya maandishi yetu, si ya watu. Tunaandika kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi. Muuza mayai wa soko la Majengo angewapanga Watanzania hao kwenye trei za 30, angejaza trei 2,058,037 na kubakiwa na watu 10 mkononi. Mwenye duka la jumla angewapanga kwa dazani, angepata dazani 5,145,093 na watu 4 juu. Taifa ambalo lingeandika namba kwa dazani lingeona mwishoni mwa namba hiyo 4, na huko kijiweni kwenu kusingekuwa na ugomvi.

Hilo la mzee limekwisha. Lililonikesha ni swali lako la pili.

Namba kubwa ukitaka kuijua, usiitazame usoni. Ivunje mpaka upate vigawo vyake tasa, kama unavyovunja simu kuona betri na vyuma vya ndani. Nilikaa mezani na upande wa nyuma wa kalenda ya zamani. Mjukuu wangu akataka kunipa simu. Nikamwambia simu ikae chaji.

Gawa kwa 10, unapata 6,174,112. Hapo umekwishatoa 2 moja na 5 moja. Halafu nusu: 3,087,056. Nusu tena: 1,543,528. Tena: 771,764. Tena: 385,882. Tena: 192,941. Imefika witiri, mlango wa 2 umefungwa. Kwa jumla 2 zimetoka sita, na 2 sita zikizidishana ni 64. Kwa 3 haiingii, jumla ya tarakimu ni 26. Kwa 5 haiingii tena.

Kwa 7, 11 na 13 nina njia moja inayozipima zote tatu kwa mpigo, na ningependa muikate muibandike ukutani. Ukizidisha 7 × 11 × 13 unapata 1,001. Kwa hiyo elfu moja imepungua moja tu kufikia kitu kinachogawanyika kwa zote tatu. Basi kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, halafu toa na kujumlisha kwa zamu. Kwetu vipande ni 941 na 192. Toa: 749. Sasa badala ya kuhangaika na laki, unahangaika na 749. Kwa 7 ni 107 kamili. Kwa 11 inabaki 1. Kwa 13 inabaki 8. Kwa hiyo 7 inaingia, 11 na 13 zikalale. 192,941 gawa kwa 7 ni 27,563.

Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu. 166 mara 166 ni 27,556, kwa hiyo ilibidi nijaribu namba tasa moja baada ya nyingine, na kama hakuna inayoingia mpaka 163, basi 27,563 yenyewe ni tasa. Kwa 7 mara ya pili, baki 4. Kwa 17, baki 6. 19, baki 13. 23, baki 9. 29, baki 13. 31, baki 4. 37, baki 35. 41, baki 11. Mjukuu alishalala. Nikajaribu 43. Ikaingia, bila baki, na jibu lililokaa mbele yangu likawa 641.

Karani wangu, niliweka kalamu chini.

Wewe umeona 641 ni namba tu. Kwa mtu wa hesabu, 641 ni kama kukutana na mtu mashuhuri amesimama foleni ya maji mtaani kwako. Hadithi yake ni hii. Ufaransa, mji wa Toulouse, kulikuwa na mwanasheria aitwaye Pierre de Fermat, aliyekuwa akifanya hesabu baada ya kazi. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake kuhusu namba zinazopatikana hivi: chukua 2 kwa kipeo cha 1, cha 2, cha 4, cha 8, cha 16, kila mara ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa. Fermat akaamini kwamba mtindo huo hautakatika milele. Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, nayo ni 4,294,967,297. Alifariki mwaka 1665 akiwa na imani hiyo.

Mwaka 1732, kule Petersburg, Urusi, kijana wa Uswisi aitwaye Leonhard Euler, umri miaka ishirini na kitu, akaonyesha kwamba 4,294,967,297 si tasa. Ni 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu namba zote kama mimi na kalenda yangu. Zinazofaa ni chache: 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu. Fermat angejaribu kidogo zaidi angeigusa.

Uthibitisho mfupi kwamba 641 inaigawa namba ile naupenda kwa sababu unaingia kwenye kiganja. 641 ni 5 × 128, ongeza 1. Na 641 hiyohiyo ni 625 + 16. Sasa fikiria kila kitu kama baki baada ya kugawa kwa 641. 5 × 128 imepungua moja kufikia 641, kwa hiyo ihesabu kuwa hasi 1. Izidishe yenyewe, ziwe nne: hasi nne zikizidishana zinatoa chanya 1. Lakini 5 nne zikizidishana ni 625, na 128 nne zikizidishana ni 2 kwa kipeo cha 28. Kwa hiyo 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 inabakiza 1. Na 625 nayo imepungua 16 kufikia 641, basi ihesabu kuwa hasi 16, na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Kipeo cha 4 na kipeo cha 28 vikikutana ni kipeo cha 32. Kwa hiyo hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 inabakiza 1. Ongeza 1 kwenye 2 kwa kipeo cha 32, baki inakuwa sifuri. Kwisha. Soma mara mbili, na karatasi mkononi. Niliwahi kuwapa Kidato cha Nne, mmoja akapiga meza.

Basi namba yako ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641. Zidisha uone kama hupati 61,741,120. Ina vigawo 112 kwa jumla, ukihesabu 1 na yenyewe. Nimevipata bila kuviandika: 2 ina nafasi saba, kutoka kutotumika kabisa hadi kutumika mara sita, na kila moja ya hizo nyingine nne ina nafasi mbili, iwemo au isiwemo. 7 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 112. Na ukivijumlisha vigawo vyake vyote, ukaiacha yenyewe nje, unapata 110,458,688, zaidi ya namba yenyewe. Wagiriki wa kale waliziita namba za namna hiyo zenye ziada.

Asubuhi, tukinywa uji wa uwele, mjukuu akaitazama kalenda akaniuliza, "Bibi, mbona imeanza na ile 6174 uliyonifundisha?"

Sikuwa nimeiona! Nimekesha nikichimba msingi, mtoto kaona bango la mbele. 61,741,120. Tarakimu nne za kwanza ni 6, 1, 7, 4.

Kwa wasiojua: chukua namba yoyote ya tarakimu nne, ila zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, zipange tena kutoka ndogo hadi kubwa, toa. Rudia kwa jibu ulilopata. Utafika 6174, na ukifika hutoki, kwa sababu 7641 kutoa 1467 ni 6174. Hatua hazizidi saba. Aliyegundua, mwaka 1949, ni Mhindi aitwaye D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule kama mimi, katika mji mdogo wa Devlali. Hakuwa profesa, na kwa miaka mingi maprofesa wa kwao hawakumpa uzito. Mwaka 1975 Martin Gardner wa Marekani akamwandika, dunia ikamjua. Namtaja kila nipatapo nafasi, kwa sababu ambayo walimu wenzangu wanaielewa.

Mimi huwafundishia kwa miaka ya nchi yetu. Mwaka 1973, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma: 9731 kutoa 1379 ni 8352, 8532 kutoa 2358 ni 6174. Hatua mbili tu (uhamaji wenyewe ulichukua zaidi). Mwaka 2022 wa sensa yako: 2220 kutoa 0222 ni 1998, halafu 8082, halafu 8532, halafu 6174. Hatua nne. Mwaka 1964 wa Muungano unachukua sita. Na 1961, mwaka wa Uhuru, unapita 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, ndipo 6174. Saba kamili, safari ndefu kuliko zote zinazowezekana.

Siri yake haiko mbali. Ziite tarakimu zilizopangwa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukitoa, jibu siku zote ni 999 mara tofauti ya ya kwanza na ya nne, ongeza 90 mara tofauti ya ya pili na ya tatu. Yaani tofauti mbili tu ndizo zinazoamua kila kitu. Ya nje inaanzia 1 hadi 9, ya ndani haiwezi kuizidi ya nje. Hesabu njia zote: ni 54. Kwa hiyo baada ya hatua moja tu, maelfu ya namba yameshabanwa kwenye vyumba 54, na ukivikagua kimoja kimoja unaona vyote vinafungulia kwenye 6174. Yenyewe ni 999 × 6 ongeza 90 × 2.

Sasa, usiende kijiweni ukasema taifa limebarikiwa kwa namba ya Kaprekar. Kuanza na 6174 ni urembo. Namba zote kutoka 61,740,000 hadi 61,749,999 zinaanza hivyo, elfu kumi nzima, na ukiandika kwa dazani urembo unapotea. 641 ni mfupa. Uandike kwa makumi, kwa dazani, kwa mawe, watu hao watapangika safu 641 zilizo sawa, kila safu watu 96,320. Lakini mfupa huo nao umeshikiliwa na uzi. Mama mmoja wa Chamwino angejifungua saa moja mapema usiku ule, jumla ingekuwa 61,741,121. 6174 ingebaki palepale mbele, haina habari. 641 ingetoweka, pamoja na 43, 7, 5 na zile 2 zote sita. Na sifuri ya mzee wako nayo ingekwenda, akakosa la kusema.

"Mwalimu, mimi ni kocha wa timu ya mtaa, Chang'ombe. Tukiwagawa Watanzania wote hao katika timu za watu 11, wangapi watabaki benchi?"

Kocha, tumia 1,001 niliyoieleza hapo juu. Vipande ni 61, 741 na 120. 120 kutoa 741 ongeza 61 ni hasi 560. Ongeza 561, ambayo ni 11 × 51, unapata 1. Kwa hiyo anabaki mtu mmoja. Mpe filimbi. Ila una tatizo jingine: timu zitakuwa 5,612,829, na hiyo ni witiri, kwa hiyo timu moja itakaa uwanjani ikingoja mpinzani ambaye hayupo. Wape pointi tatu waende nyumbani. Ukipenda mabasi kuliko mpira, basi la viti 64 linafaa: mabasi 964,705, kila kiti kina mtu, hakuna wa kusimama. Dereva awe mmoja wao.

"Mwalimu, nipo Kidato cha Pili hapa Mpwapwa. Namba tasa ya mwisho ni ipi? Na kwa nini inaitwa tasa, ni tusi?"

Si tusi, binti yangu, ingawa nakubali neno lenyewe ni kali kwa mtu aliyewahi kuitwa hivyo. Aliyetunga istilahi alitazama namba isiyo na vigawo vya kati akaona haina watoto. Mimi ningeipa jina jingine, maana hizo ndizo zinazozaa namba zote. Lakini mtihani hauulizi maoni yangu.

Ya mwisho haipo. Euclid alilionyesha hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Tuseme wewe unazo zote kwenye daftari. Zizidishe zote, ongeza 1. Namba mpya ukiigawa kwa yoyote ya daftari lako, inabaki 1. Kwa hiyo kigawo chake tasa hakimo daftarini, na daftari lako lilikuwa pungufu. Angalia tu usikosee kama wengi: namba hiyo mpya si lazima iwe tasa yenyewe. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ongeza 1 ni 30,031, na hiyo ni 59 × 509. Zote mbili, 59 na 509, hazikuwa kwenye orodha, na hicho ndicho alichokisema Euclid.

Kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka naandika hapa ilipatikana Oktoba 2024. Ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Tukimpa kila Mtanzania wa ile sensa tarakimu moja aishike kwenye kadi, watu 20,716,800 watarudi nyumbani mikono mitupu, na mimi na mjukuu wangu huenda tumo.

Zoezi la toleo lijalo. Sensa ileile iliupa Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Mwisho wake ni 625, ile iliyokaa ndani ya 641 ya Euler. Gawa kwa 5 mara nne, utabaki na namba ya tarakimu nne. Je, ni tasa au si tasa? Msinitumie jibu la simu. Nataka baki zote kwa mkono, kuanzia 3 mpaka 67, na wa Manyoni atakuwa msahihishaji wangu.